Kura kuzidi wapiga kura: jinsi ya kuisoma historia ya jimbo la Vancouver-Point Grey

"Nasoma Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver. Jumuiya yetu ya Waswahili hapa imeniomba niandike historia fupi ya jimbo tunaloishi, Vancouver-Point Grey, tangu lilipoanzishwa. Nimekusanya matokeo ya chaguzi zote za mkoa wetu wa British Columbia, Canada, katika jedwali moja, lakini hesabu zinanigomea. Mwaka 1986 jumla ya kura inakaribia mara mbili ya watu waliopiga kura, na washindi ni wawili wa vyama vinavyopingana. Mwaka 1952 kila mgombea ana takwimu zaidi ya moja. Mwaka 2013 waziri mkuu wa mkoa anashindwa jimboni na bado anaendelea kuwa waziri mkuu. Je, kura ziliibwa? Na ninaweza kuandika kwamba jimbo hili ni ngome ya Liberal na ndiyo njia ya kufikia uwaziri mkuu?"

Ndugu msomaji, ondoa neno wizi kwenye rasimu yako kabla haijasomwa na mtu. Takwimu ulizonazo zina kila dalili ya kuwa sahihi. Kasoro iko kwenye jedwali: umeweka safu moja kwa chaguzi zilizoendeshwa kwa kanuni tofauti kabisa, ukazijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja. Nakuelewa kwa nini, maana jina halijabadilika tangu 1933. Lakini chini ya jina hilo idadi ya viti imebadilika mara mbili, namna ya kupiga kura imebadilika mara kadhaa, na mipaka imesogezwa tena na tena. Kila takwimu unayoiandika, jiulize kwanza: mwaka huo jimbo lilikuwa na viti vingapi, kila mtu alikuwa na kura ngapi, na mpaka ulipita wapi?

Tuanze na viti, kwa sababu hapo ndipo hofu yako ilipoanzia. Point Grey ilikuwa manispaa inayojitegemea hadi tarehe 1 Januari 1929, ilipounganishwa na Vancouver pamoja na South Vancouver. Wakati huo jimbo la Vancouver City lilikuwa likipeleka wabunge sita kwa mpigo kwenye Bunge la mkoa kule Victoria. Kwa uchaguzi wa Novemba 1933 jimbo hilo kubwa lilivunjwa, na upande wa magharibi wa jiji ukawa Vancouver-Point Grey, lenye wabunge watatu. Miongoni mwa watatu wa kwanza alikuwemo George Weir, profesa wa chuo hicho hicho unachosoma, aliyekwenda moja kwa moja kuwa waziri wa elimu. Viti vilikuwa vitatu hadi uchaguzi wa 1963, vikapungua kuwa viwili kuanzia 1966, na kuanzia 1991 kimebaki kimoja.

Palipokuwa na viti vitatu, mpiga kura alipewa kura tatu. Palipokuwa na viwili, kura mbili. Alipokea karatasi moja yenye majina yote, akaweka alama kwa watu wasiozidi idadi ya viti. Washindi walikuwa walioongoza kwa kura, watatu au wawili wa juu. Ndiyo maana kura za 1986 zinakaribia maradufu ya wapiga kura: kila karatasi ilikuwa na nafasi ya kura mbili. Hazikufika maradufu kamili kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kutumia zote, na wapo waliompa mgombea wao mmoja kura na kuiacha ya pili makusudi ili wasimwongezee nguvu mpinzani wake.

Kosa linalozaliwa hapa ni la asilimia, na ni baya kuliko lile la jumla kwa sababu halionekani kwa macho. Chukua mfano wa kubuni. Jimbo la viti viwili lina karatasi halali 20,000 na jumla ya kura 38,000. Hiyo ina maana watu 18,000 walitumia kura zote mbili na watu 2,000 walitumia moja. Mgombea amepata kura 15,000. Ukigawa kwa jumla ya kura, amepata asilimia 39.5. Ukigawa kwa karatasi, watu 75 katika kila 100 walimtaka. Takwimu zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Kumlinganisha mtu huyu wa asilimia 39.5 na mbunge wa leo mwenye asilimia 50, halafu ukasema wa leo anapendwa zaidi, ni kupotosha. Kwa hiyo kwa miaka yote ya viti vingi, weka safu ya karatasi halali kando ya safu ya kura. Ukiikosa idadi ya karatasi, usiikisie kwa kugawa kura kwa mbili. Andika tu nafasi aliyoshika mgombea na kura zake, bila asilimia ya watu.

Washindi wa vyama pinzani nao hawana miujiza. Kura hazikufungwa kwa chama. Mtu aliweza kuwapa wagombea wa vyama viwili tofauti, na vyama vikikaribiana, mgombea wa kwanza wa chama kimoja na wa kwanza wa kingine ndio huibuka juu. Mwaka 1963 walipita Robert Bonner na Ralph Loffmark wa Social Credit, chama kilichotawala mkoa wakati huo, pamoja na Pat McGeer wa Liberal. Mwaka 1986 walipita Kim Campbell wa Social Credit na Darlene Marzari wa NDP, chama cha upinzani cha mrengo wa kushoto. Kwa miaka miwili hivi wakazi wa jimbo moja walikuwa na mbunge upande wa serikali na mbunge upande wa upinzani, wote halali kwa kiwango kile kile.

Sasa 1952 na 1953, miaka inayowachanganya hata watu waliobobea. Kabla ya hapo Liberal na Conservative walikuwa wametawala pamoja kwa muungano kuanzia 1941, na hofu yao kubwa ilikuwa chama cha kijamaa cha CCF. Muungano ulipokuwa unavunjika walibadili sheria ili mpiga kura apange wagombea kwa namba: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Matarajio yao yalikuwa kwamba wa Liberal atampa Conservative namba 2, na wa Conservative vivyo hivyo, na CCF itabaki nje. Katika majimbo ya viti vingi kama Point Grey, mashindano yaligawanywa kuwa A, B na C. Mpiga kura alipewa karatasi tatu, kila moja ya kiti chake. Siku hiyo hiyo ya Juni 1952 aliulizwa pia kuhusu kuuzwa kwa pombe kwa glasi na kuhusu kusogeza saa majira ya joto, kwa hiyo alitoka kituoni akiwa amejaza karatasi nyingi kweli.

Kuhesabu kulikwenda hivi. Tuseme, tena kwa mfano wa kubuni, wagombea watatu wamepata chaguo la kwanza 4,000, 3,500 na 2,500. Hakuna aliyevuka nusu ya 10,000. Wa mwisho anaondolewa, na karatasi zake 2,500 zinafunguliwa upya kutazama namba 2: 600 zinakwenda kwa aliyeongoza, 1,500 kwa wa pili, na 400 hazina namba inayofuata, kwa hiyo zinawekwa kando. Duru ya mwisho inasomeka 4,600 kwa 5,000, na aliyekuwa wa pili anashinda. Ndizo zile "takwimu zaidi ya moja" unazoziona: kila duru ina hesabu yake. Ukizijumlisha utahesabu karatasi moja mara mbili au tatu. Ukichukua duru ya mwisho peke yake utawafuta wagombea walioondolewa, na utadhani kulikuwa na vyama viwili tu. Andika duru ya kwanza na ya mwisho, A, B na C kila moja peke yake, na utaje kura zilizowekwa kando.

Mpango wa muungano uliwageukia wenyewe. Kwa mkoa mzima CCF iliongoza kwa chaguo la kwanza, lakini wapiga kura wengi wa vyama vingine waliipa namba 2 au 3 Social Credit, chama ambacho wakubwa wa Victoria hawakukitilia maanani. Kikaondoka na viti 19 dhidi ya 18 vya CCF katika bunge la viti 48, na W. A. C. Bennett akaunda serikali. Huko Point Grey mmoja wa washindi wa chama hicho alikuwa Tilly Rolston, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu 1941 kwa tiketi ya Conservative kabla ya kuhama. Bennett alimpa wizara ya elimu, na huyu ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Canada kukabidhiwa wizara kamili. Mpe nafasi ya kutosha katika maandishi yako. Watu wengi wanaopita Point Grey kila siku hawajawahi kusikia jina lake. Mwaka uliofuata alishindwa, na alifariki kabla 1953 haijaisha. Katika uchaguzi huo wa 1953 wapiga kura wale wale, siku moja, walimchagua Bonner, mwanasheria mkuu wa serikali ya Social Credit, na Arthur Laing, kiongozi wa Liberal. Baada ya hapo Bennett, akiwa na wingi wa kutosha, aliufuta utaratibu wa namba, na kuanzia 1956 ikarudi karatasi moja yenye kura tatu.

Kipindi cha 1966 hadi 1983 kinasomeka kirahisi, ila kina mtego. McGeer, aliyeingia kwa uchaguzi mdogo wa 1962, na Garde Gardom walishika viti vyote viwili mfululizo. Mwaka 1966 walimwangusha Bonner, naye akatafutiwa kiti Cariboo, bara kabisa. Ukiangalia majina utasema jimbo halikubadilika kwa miaka ishirini. Lakini wawili hao walichaguliwa kama Liberal mwaka 1966, 1969 na 1972, wakahamia Social Credit, na kuanzia 1975 wakachaguliwa kwa chama hicho. Je, watu walibadili chama au walimfuata mtu? Matokeo peke yake hayawezi kukuambia. Andika kilichotokea, na usiwawekee wapiga kura maneno mdomoni.

Mwaka 1991 viti vingi vilifutwa mkoa mzima. Tume ya mipaka ya majimbo ya Jaji Thomas Fisher ilikuwa imependekeza kila jimbo liwe na mbunge mmoja, na mwaka 1989 Beverley McLachlin, wakati huo Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya mkoa, aliamua kwamba tofauti kubwa za idadi ya watu baina ya majimbo zilikuwa zinavunja haki ya kikatiba ya kupiga kura. Tangu hapo kanuni ni kwamba idadi ya watu wa jimbo isizidi wala isipungukie wastani wa mkoa kwa zaidi ya asilimia 25, isipokuwa kwa sababu za pekee sana kama zile za kaskazini, ambako watu ni wachache na umbali ni mkubwa. Tume ya mipaka ya watu watatu huundwa baada ya kila chaguzi kuu mbili. Bunge limekua kutoka wabunge 69 mwaka 1986 hadi 75 mwaka 1991, 79 mwaka 2001, 85 mwaka 2009, 87 mwaka 2017 na 93 mwaka 2024.

Kila namba hapo ina maana kwamba mstari umesogezwa mahali. Point Grey ya zamani ilikuwa eneo kubwa la magharibi mwa jiji. Ya 1991 ilikuwa ndogo zaidi, kwa sababu mitaa ya watu wenye uwezo kama Kerrisdale na Shaughnessy iliangukia jimbo jipya la Vancouver-Quilchena, huku chuo, West Point Grey na sehemu ya Kitsilano zikibaki. Kwa hiyo ukisema "watu wa Point Grey walihama kutoka kulia kwenda kushoto kati ya 1983 na 1991," sehemu ya hao watu wa kulia hawakuhama popote. Ni mpaka uliowahamisha.

Ukitaka kulinganisha chaguzi mbili zilizotenganishwa na mipaka mipya, usitumie jumla ya jimbo. Chukua matokeo ya kila eneo dogo la kupigia kura, yapange juu ya ramani ya mipaka mipya, kisha ujumlishe upya. Zipo taabu mbili. Namba za maeneo hayo hubadilika, kwa hiyo eneo la 12 la uchaguzi mmoja si lazima liwe la 12 la uchaguzi unaofuata. Linganisha mitaa, siyo namba. Pili, kura za mapema na za posta mara nyingi huandikwa kando, hazirudishwi mtaani kwa mpiga kura. Zamani zilikuwa chache, ungeweza kuzigawa kwa uwiano bila madhara makubwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, zilikuwa nyingi kiasi kwamba ramani ya mitaa iliyotokana na kura za siku ya uchaguzi peke yake haifai kutolea hukumu. Ukigawa kwa uwiano, sema hivyo chini ya jedwali.

Jambo dogo lakini linaloharibu kazi nyingi: usinakili takwimu za magazeti ya asubuhi baada ya uchaguzi. Hesabu ya usiku ule ni ya awali. Ya mwisho hukamilika siku kadhaa baadaye, ikijumuisha kura za posta na za waliopigia nje ya jimbo, na tofauti inaweza kuwa mamia ya kura. Tumia taarifa rasmi ya matokeo ya tume ya uchaguzi ya mkoa.

Kuhusu mawaziri wakuu, hapa jimbo lako lina historia ya pekee, ila usiikoroge. Gordon Campbell wa Liberal alilishika kuanzia 1996 na kuwa waziri mkuu wa mkoa 2001 hadi 2011. Christy Clark alimrithi uongozi akiwa hana kiti, akagombea hapo kwenye uchaguzi mdogo wa Mei 2011 na kumshinda David Eby wa NDP kwa tofauti isiyofika kura elfu moja. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Mei 2013, Eby alimshinda kwa kura kama elfu moja, huku chama cha Clark kikipata viti 49 kati ya 85. Kwa desturi ya mabunge ya aina hii, waziri mkuu ni yule anayeungwa mkono na wingi wa bunge. Hakuna sheria inayomwondoa siku aliyopoteza jimbo, ingawa anatarajiwa kutafuta kiti upesi. Ben Stewart, mbunge wa chama chake, alimwachia kiti cha Westside-Kelowna, na Clark akashinda huko Julai 2013. Ni njia ile ile aliyopita Bonner mwaka 1966. Eby amebaki Point Grey, akawa waziri mkuu Novemba 2022, na akachaguliwa tena Oktoba 2024.

Hao ni watatu, na wote wametokea baada ya 1996. Kwa zaidi ya miaka sitini ya mwanzo jimbo lilitoa mawaziri na viongozi wa vyama, si mawaziri wakuu. Isitoshe, Clark alikuwa waziri mkuu kwanza, Point Grey ikafuata. Kwa hiyo "njia ya kufikia uwaziri mkuu" haisimami. Wala usimweke Kim Campbell kwenye orodha hiyo: aliacha kiti cha mkoa 1988 kwenda bunge la taifa, na alipokuwa Waziri Mkuu wa Canada mwaka 1993 aliwakilisha Vancouver Centre. Kiti alichoacha kilichukuliwa na Tom Perry wa NDP kwenye uchaguzi mdogo wa 1989. Usije ukadhani pia kwamba Kim Campbell na Gordon Campbell ni ndugu. Ni majina tu yamegongana.

Na ngome ya Liberal? Neno Liberal limebeba watu tofauti. Liberal wa McGeer miaka ya 1960 walikuwa wapinzani wa Social Credit. Liberal wa Gordon Campbell walikuwa mwamvuli wa waliokuwa wafuasi wa Social Credit na wengine wasioitaka NDP, na hawakuwa tawi la Liberal wa taifa. Mwaka 2023 walijiita BC United, na 2024 walijiondoa kwenye kinyang'anyiro kabla ya siku ya kura. Jimbo hili limewahi kuchagua Conservative, Liberal wa aina mbili, Social Credit na NDP. Ukihitaji sentensi moja, andika kwamba ni jimbo ambalo vigogo wa serikali wameangukia zaidi ya mara moja.

Usiache nje waliozuiwa kupiga kura, maana "idadi ya waliojitokeza" ya 1933 haiwahesabu. Raia wenye asili ya China na India walipata haki ya kura ya mkoa mwaka 1947. Wenye asili ya Japani na wenyeji wa asili mwaka 1949. Umri ulikuwa miaka 21, ukashushwa hadi 19 mwaka 1952 na 18 mwaka 1992. Kwa jimbo lenye chuo kikubwa, umri na tarehe vina uzito. Chaguzi za 2009, 2013 na 2017 zilifanyika Mei, wanafunzi wengi wakiwa wameshafunga mabegi. Za 2020 na 2024 zilikuwa Oktoba, masomo yakiendelea. Usilinganishe mahudhurio ya Mei na ya Oktoba bila kulitaja hilo. Wasomaji wako watauliza pia kuhusu wao wenyewe: leo anayeruhusiwa ni raia wa Canada, mwenye miaka 18, aliyeishi mkoani miezi 6. Viza ya masomo haitoshi.

Sehemu kubwa ya kazi hii utaimaliza mezani. Kitabu cha matokeo kilichotolewa na tume ya uchaguzi pamoja na Maktaba ya Bunge mwaka 1988 kinashughulikia 1871 hadi 1986, jimbo kwa jimbo, na tume ina taarifa za chaguzi zilizofuata. Mahali pa kutafuta mtu ana kwa ana ni mipaka ya kabla ya 1991. Sheria za zamani zinaieleza kwa maneno, kufuata barabara na mistari ya viwanja, na baadhi ya barabara zimebadilika. Nenda kwa mkutubi wa ramani wa chuo chako ukiwa na nakala ya kifungu cha sheria cha mwaka husika, siyo jina la jimbo tu. Ukimpa jina atakupa ramani ya leo. Kwa duru za 1952 na 1953 ambazo hazijitoshelezi, waandikie Maktaba ya Bunge Victoria, utaje mwaka, jimbo na herufi ya shindano: A, B au C.